Kabla Bonasi Haijageuka Mark X

Kila Oktoba, KTDA inapowalipa bonasi wakulima wa chai wa Kebirigo, Nyansiongo, Tombe na Sanganyi, madalali wa magari mjini Kisii huwa wameshaosha mali yao. Linalong'aa kuliko yote huwa saluni kubwa: Toyota Mark X, Toyota Crown, mara mojamoja Nissan Teana. Bei nazo huvutia. Mark X ya 2010 yenye injini ya lita 2.5 mara nyingi huuzwa kwa pesa pungufu kuliko Premio ya lita 1.5 ya mwaka huohuo. Mnunuzi hudhani ameangukia bahati, kumbe Premio imepanda bei kwa sababu kila mtu ameshapiga hesabu ya kuitunza, na Mark X imeshuka kwa sababu hiyohiyo.

Tuanze na umri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, kwa hiyo Mark X ya 2010 ilishuka Mombasa kabla ya mwisho wa 2017. Maneno ya dalali kwamba gari “limetoka Japani juzi” hayasimami hapo. Limeshapita mikono kadhaa, na huenda limewahi kubeba abiria. Tafuta rekodi zake NTSA kupitia eCitizen kabla hata ya kufungua boneti. Ada ni ndogo kuliko nauli ya kwenda Nairobi. Toyota yenyewe iliacha kuunda Mark X Desemba 2019, hivyo baada ya 2026 karibu hakuna nyingine itakayoingia kwa njia halali, na zilizopo zitaendelea tu kuchakaa.

Pesa nyingi hapa Gusii huliwa chini ya gari. Mark X na Crown zina mikono miwili, ya juu na ya chini, kwenye kila gurudumu la mbele, na nyuma zina mikono kadhaa zaidi. Kila mkono una bushi, na mingine ina boli jointi. Mpangilio huo ndio unaolifanya gari liteleze kwa utulivu kwenye lami ya Narok. Premio ya kawaida ina shoku na mkono mmoja wa chini kila upande mbele, na nyuma chuma kimoja kinachounganisha magurudumu mawili. Mashimo ya kwenda vituo vya kununulia majani chai ni yaleyale kwa magari yote mawili, ila Mark X ina vitu vingi zaidi vya kulegea. Kwa bushi na boli jointi za mbele pekee ningetenga shilingi 30,000 hadi 40,000, na kiasi kama hicho tena kwa shoku nne. Hizo ni akiba za kuweka mfukoni, si bei za dukani. Bushi za bei ya chini hurudi kugonga kabla hujasahau risiti, kwa hiyo afadhali mkono mzima wa mtumba kutoka Japani, ukiupata ukiwa mzima, kuliko bushi mpya ya jina lisilojulikana.

Halafu kuna spesa. Gari liko chini, mwenyewe amechoka kugonga sampu, fundi anamwekea spesa juu ya springi. Kweli linainuka, lakini pembe za mikono zinabadilika, tairi zinalika upande mmoja na bushi zinakufa mapema. Ukikuta spesa, uliza ziliwekwa lini, kisha punguza bei. Matope nayo usiyasahau: Mark X nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma, na kwenye mlima wa udongo mwekundu mwezi wa Aprili mkia ndio unaotangulia. Zipo zinazovuta kwa magurudumu yote manne, lakini nazo ziko chini vilevile.

Kwenye injini, jina la kukumbuka ni 4GR-FSE, ile ya V6 ya lita 2.5 iliyomo kwenye Mark X na kwenye Crown nyingi. Inatumia cheni badala ya mkanda, na hilo ni jema. Ila petroli hunyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo hakuna kinachoosha valvu za kuingizia hewa. Kaboni hujikusanya, na gari huanza kutetemeka asubuhi. Wenye Lexus IS250 huko Marekani, yenye injini hiyohiyo, walililalamikia jambo hilo kwa miaka. Ringi zikichoka, inaanza kula oili. Kwa hiyo mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Iwashe mwenyewe ikiwa baridi, simama nyuma uangalie moshi wa bluu, kisha chungulia pampu ya maji kama ina ukoko wa waridi wa kulanti iliyovuja. Oili nzito isiyofaa injini hii hutiwa makusudi ili kuficha moshi, basi vuta dipstiki uone.

Hata ikiwa nzima, inameza zaidi. Kila sevisi inataka oili ya lita sita na ushei, Premio haifikishi nne. Plagi ni sita dhidi ya nne. Petroli tuihesabu kwa shilingi 180 kwa lita: ukitembea kilomita 1,000 kwa mwezi na Mark X ikikupa kilomita 8 kwa lita, unalipa 22,500, Premio ikikupa 13, unalipa kama 13,850. Kwa mwaka tofauti inapita 100,000, yaani karo ya mtoto.

Giaboksi ya Mark X, yenye gia sita, ni ngumu kufa ikibadilishwa oili yake sahihi. Teana ya kuanzia 2008 ina CVT inayokokota mwili mzito na haipendi joto la milima mirefu. Premio nayo ina CVT, ila mzigo wake ni mwepesi. Juu ya hayo, V6 ya Teana imewekwa kwa kukingama hata plagi za nyuma hazifikiki mpaka manifoldi ing'olewe, na fundi atakutoza kazi hiyo.

Kwa anayekaa kando ya lami, tuseme Suneka au Keroka, anayeenda Nairobi mara kwa mara na mwenye 100,000 iliyobaki baada ya kununua, Mark X ya 2.5 isiyofuka moshi ni gari tamu. Crown nayo ni hivyo, ila achana na ya haibridi kama fundi wako hajawahi kufungua betri yake. Anayeishi ndani huko Ekerenyo achukue Premio, na akiwa na magunia, Probox. Teana ningeiacha hapohapo ilipoegeshwa, hata bei ikipunguzwa mara ya pili.