Rangi za Maji na Taswira ya Mwili: Irma Stern na Pwani ya Waswahili

Msafiri ashukaye Mkwaja, kati ya Pangani na Saadani, siku ambayo bahari imetulia, huona kwa macho yake jambo lililo msingi wa sanaa ya rangi za maji. Penye kina kifupi juu ya mchanga mweupe, nuru ya jua hupenya maji, hugonga mchanga, kisha hurudi juu ikiwa imechukua rangi. Wakati wa masika, mito ishushapo udongo, nuru hukomea juu ya maji, na jicho halioni ila uso wa bahari. Rangi ya maji halisi ni mfano wa hali ya kwanza, na karatasi nyeupe ndiyo mchanga. Gwashi, yaani rangi ya maji iliyokolezwa na aghalabu kutiwa chaki hata ikawa nzito, ni mfano wa hali ya pili.

Kwa sababu hiyo, kuchora mwili wa mwanadamu kwa rangi za maji ni kazi ngumu kupita nyingi. Mchoraji wa rangi za mafuta akikosea hukwangua, akapaka tena. Huyu wa maji hana rudi. Sehemu ya bega ipigwayo na jua haipakwi. Ni karatasi iliyoachwa wazi kwa makusudi, nayo yapasa ijulikane kabla ya brashi kuloweshwa. Kivuli cha mbavu hupakwa mara moja, na ukingo wake hulainishwa kwa brashi yenye maji matupu kabla haujakauka. Brashi irudipo mara ya tatu mahali pale pale, ngozi hugeuka tope.

Miongoni mwa wachoraji wa karne ya 20 waliofika pwani hii wakiwa na ujuzi huo, Irma Stern hana budi kutajwa. Alizaliwa mwaka 1894 huko Schweizer-Reneke, Afrika ya Kusini, akasoma uchoraji Ujerumani, ambako Max Pechstein alimwongoza na kumtia moyo. Sifa yake kubwa ni ya rangi za mafuta, lakini makaa, gwashi na rangi za maji havikumtoka mkononi, na miili ya wanawake aliichora tangu ujanani hata uzeeni. Alipofanya maonyesho yake ya kwanza Cape Town mwaka 1922, watu walikasirika, na polisi wakaja kuchunguza malalamiko kwamba picha zile zilivunja adabu.

Je, msemaji wa Kiswahili azieleze vipi picha za namna hiyo? Mwaka 1956 Kenneth Clark wa Uingereza alitoa kitabu kizima kilichoanza kwa kutenga hali mbili: mwili uliovuliwa nguo ukaaibika, na mwili uliofanywa umbo la sanaa. Kiingereza kina neno kwa kila moja. Kiswahili husema uchi, nalo neno hilo limebeba aibu. Utupu nao hauko mbali nalo. Lakini haifai kudhani kwamba watu wa pwani hawakuutazama mwili wala kuusifu. Bibi harusi husuguliwa singo na somo wake, mwili ukatunzwa na kusifiwa kwa maneno mengi mazuri; ila maneno hayo hukaa ndani, baina ya wanawake, na mlango umefungwa. Kilichokosekana si msamiati. Ni ruhusa ya kuutoa msamiati huo barazani.

Stern alikuja Unguja mara mbili, mwaka 1939 na mwaka 1945, na mwaka 1948 akatoa kitabu juu ya safari zake. Picha mashuhuri za huko ni za watu waliovaa, na hapo ujuzi wa mwili hauonekani upesi, ingawa upo: mkunjo wa nguo hauwezi kuanguka sawa ikiwa mchoraji hajui bega lililo chini yake. Lawama yaweza kutolewa kwingine. Picha ya mwaka 1945 ya kijana wa kike huitwa «Msichana wa Kibohora». Nyingine ya mwaka uo huo, iliyouzwa London mwaka 2011 kwa zaidi ya pauni milioni 3, huitwa «Kasisi wa Kiarabu». Kabila na madhehebu vimeandikwa. Jina la aliyeketi akatazamwa halimo katika anwani. Mtu aweza kuvikwa nguo zote, na bado akanyimwa stara hiyo.

Picha kadhaa za Unguja alizitia katika fremu za mbao zilizochongwa kwa nakshi za milango ya huko. Stern alifariki mwaka 1966, na nyumba yake ya Rosebank, Cape Town, ikafanywa makumbusho. Mbao zilizokuwa zikizunguka milango ya nyumba za watu sasa zimezunguka nyuso zao.