Elimu ya Uzee na Tatizo la Kuujua Umri

Mwaka 1903 mwanasayansi Elie Metchnikoff, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alibuni jina la jerontolojia, yaani elimu ya uzee. Tangu wakati huo elimu hiyo haijawa mali ya somo moja. Mwanafunzi wake katika chuo kikuu hupitia biolojia, tiba, lishe, takwimu na elimu ya jamii. Katika biolojia hujifunza, mathalan, kwamba Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha mwaka 1961 kuwa seli za kawaida za binadamu zikikuzwa katika chupa hugawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma. Lakini akitoka maabara kwenda vijijini, hukabiliwa na swali lililo jepesi kulitamka na gumu kulijibu: mzee huyu ana miaka mingapi?

Chukulia Mzinga, pembeni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ambako mto wenye jina hilo huteremka kuelekea bwawa la Mindu. Mtu aliyezaliwa upande huo katika miaka ya 1940 aghalabu hana cheti cha kuzaliwa. Akiulizwa umri hukisia, na makisio ya namna hiyo huangukia mno kwenye miaka inayoishia na sifuri au tano. Kwa hiyo mtafiti haulizi miaka, huuliza matukio.

Tuseme bibi mmoja anasema kwamba watu wa Uluguru walipokataa kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, yeye alikwisha kuanza kuchota maji kwa kibuyu kidogo. Ghasia za matuta zilitokea Matombo mwaka 1955. Mtoto wa kibuyu kidogo ana miaka mitano au sita. Uhuru, Desemba 1961, ulimkuta bado hajavunja ungo. Azimio la Arusha, Februari 1967, lilimkuta ameolewa. Kwa kulinganisha majibu hayo matatu, kuzaliwa kwake kunaweza kuwekwa kati ya mwaka 1947 na 1951. Jibu moja peke yake lisingetosha, kwani kumbukumbu hupotoka. Darasa la sekondari laweza kutengeneza kalenda ya namna hii kwa kata yake lenyewe, likiingiza pia kifo cha Edward Sokoine mkoani Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984, ambacho watu wazima wengi wa huko wanakikumbuka.

Jambo hili si la kitaaluma tu. Zanzibar ilipoanzisha pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016, aliyestahili ni mtu wa miaka 70 au zaidi. Pale ambapo haki hutegemea mwaka, kosa la miaka mitatu ni kosa la miaka mitatu bila posho.

Hata umri ukijulikana, hatari nyingine hubaki, nayo huwanasa hata watafiti waliobobea. Mtu akipima leo vijana wa miaka 25 na wazee wa miaka 75, akakuta kwamba wazee ni wafupi zaidi, asikimbilie kusema kuwa uzee umewapunguza kimo. Ni kweli kwamba uti wa mgongo hupungua kiasi uzeeni. Lakini wazee hao walikua katika chakula kingine na maradhi mengine. Tofauti nyingine ni ya kizazi, wala si ya umri. Njia ya kuzitenganisha ni kuwafuata watu wale wale kwa miaka mingi, kazi ghali ambayo mwanafunzi wa shahada moja hawezi kuimaliza.

Vivyo hivyo kuhusu mlima. Mgeni akiwaona wazee wakipanda makorongo ya Uluguru na mizigo ya ndizi kichwani, husema kwamba mlima huwapa afya. Huenda ni kweli, maana kutembea huimarisha moyo na misuli. Lakini mzee aliyeishiwa nguvu haonekani tena kwenye mteremko: amebaki nyumbani, au ameteremka kuishi na wanawe mjini, au amefariki. Mlima umekwisha kuwachuja wapandaji kabla mtafiti hajafika.

Upande wa akili ni mgumu kupita yote. Vipimo vingi vya dimenshia, yaani kudhoofika kwa akili kunakosababishwa na maradhi ya ubongo, vilitungwa kwa watu waliosoma: humtaka mtu aandike sentensi, anakili mchoro, apunguze saba kutoka mia moja. Mzee asiyewahi kushika kalamu hushindwa akiwa na akili timamu. Katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta dimenshia kwa asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Kutokana na kazi ya huko kilibuniwa kipimo kisichohitaji kalamu. Mzee huulizwa daraja ni kitu gani, leo ni siku gani, kiongozi wa mahali pake ni nani. Hutaja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Hukumbuka maneno kumi aliyosomewa. Hupanga njiti za kiberiti kufuata mfano.

Hata hivyo kipimo hicho huchuja tu, hakihukumu. Anayeshindwa huchunguzwa na daktari, na mtu wa nyumbani huulizwa kama mzee bado hupika bila kusahau moto, kama hurudi mwenyewe kutoka shambani, na mabadiliko hayo yalianza lini. Hapo tena, katika kulijibu swali hili la mwisho, wengi hawataji mwaka, hutaja tukio.