Anadaiwa ng'ombe, anadaiwa kuiba ng'ombe

Tuseme ni jioni Nyambureti, wilayani Serengeti. Mifugo imeshaingia zizini, redio ya betri iko juu ya kigoda. Mtangazaji anasoma kwamba kijana mmoja amekamatwa, "anadaiwa kuiba ng'ombe wanane". Bibi anayechambua mboga amesikia nusunusu. "Ng'ombe wanane? Anadaiwa na nani, wakwe zake?" Mjukuu anamsahihisha: "Hapana bibi, siyo mahari. Ameiba."

Swali la bibi lina msingi. Mkoani Mara mahari ni ng'ombe, na mtu anayedaiwa ng'ombe ni yule ambaye hajawamalizia wakwe. Aliyekosea ni mjukuu. Redio haikusema kijana ameiba. Ilisema yupo anayesema ameiba. Kati ya redio na sufuria ya mboga, shaka yote imedondoka.

Neno hili limefikaje kwenye taarifa ya habari? Waandishi wa Kiingereza wana kielezi chao, "allegedly", wanachokichomeka popote katika sentensi ili kumwambia msomaji: haya yamesemwa, hayajathibitishwa. Kiswahili hakina kielezi cha namna hiyo. Meza za habari za Kiswahili, ambazo kwa miaka mingi zimepokea taarifa nyingi za mashirika ya habari kwa Kiingereza, zikakitafutia kitenzi: kudai. Ni neno lenye asili ya Kiarabu, na limebeba mambo mawili, kutaka haki yako na kusema jambo ambalo bado una kazi ya kulithibitisha.

Kitenzi chenyewe hakina kasoro. Ukiandika "mwenyekiti anadai fedha zimeliwa", kila msomaji anahisi kwamba wewe mwandishi hujakubali wala kukataa, unamwachia mwenyekiti mzigo wake. Kigeuze sasa kiwe kauli ya kutendwa: "mhasibu anadaiwa kula fedha". Mwenyekiti ametoweka. Sarufi inaruhusu kumtaja, "anadaiwa na mwenyekiti", ila magazeti humwacha ili kuokoa nafasi. Dai lisilo na mdai husikika kama habari ya kweli. Zaidi ya hapo, neno lenyewe tumelizoea mno. Tunasoma hata "ajali inayodaiwa kutokea jana" huku picha ya basi lililopinduka iko hapo hapo chini ya maneno.

Majina nayo yana ngazi zake. Aliyekamatwa na polisi ni mtuhumiwa. Wakenya hupenda kumwita mshukiwa. Akishasomewa mashtaka mahakamani anakuwa mshtakiwa. Hakimu akimtia hatiani, hapo ndipo unaweza kumwita mwizi bila woga. Kichwa cha habari kinachosema "Polisi wanasa mwizi wa ng'ombe" kimeruka ngazi mbili, na neno "anadaiwa" katika aya ya tatu haliwezi kumrudisha mtu chini.

Ngazi hizi si mapambo ya lugha. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Nayo Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ina sehemu nzima inayohusu kashfa. Wapo waandishi wanaoamini kwamba ukishaweka "anadaiwa" umejikinga. Sivyo. Kurudia kashfa ya mwingine ni kuitangaza upya, na miongoni mwa yanayomlinda mwandishi ni ukweli anaoweza kuuthibitisha, au taarifa ya haki na sahihi ya yaliyosemwa mahakamani. Kazi hiyo ya mahakamani inarahisika: tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini, na mara nyingi mwandishi hana tena sababu ya kujikwaa katika tafsiri zake mwenyewe za hati za mashtaka.

Kijijini uzito wa neno unaongezeka. Wakurya wa Mara wana iritongo, baraza la jamii ambalo kwa muda mrefu limekuwa likikaa kujadili wizi wa mifugo. Jina likishatajwa redioni jioni, hakuna anayeweza kulizuia lisifike barazani kesho yake asubuhi, na barazani hakuna atakayekumbuka kauli ya kutendwa.

Dawa ni kumrudisha mdai kwenye sentensi yake. "Polisi wanasema kijana huyu aliiba ng'ombe wanane." "Hati ya mashtaka inaeleza kuwa aliwaswaga usiku." "Mwenye zizi anamtuhumu jirani yake." Sentensi zinarefuka kwa neno moja au mawili, lakini msikilizaji anajua dai ni la nani, na anaweza kulipima kwa kumpima msemaji.

Turudi basi jikoni, mtangazaji asome upya: "Polisi wanasema kijana huyo aliiba ng'ombe wanane. Bado hajafikishwa mahakamani." Safari hii mjukuu hana cha kutafsiri. Bibi anatupa kando jani lililooza na kuuliza swali ambalo mwandishi alipaswa kuliuliza kabla ya kwenda hewani: "Na yeye mwenyewe anasemaje?"