Kupiga Windows au Linux: nani anajibu maswali?

Ukimpelekea fundi laptopu akupigie Windows, maswali yote ya usakinishaji huyajibu yeye. Unarudishiwa mashine ina diski C na D, jina la mtumiaji ni "User", na mwenye akaunti humjui. Ujira wa fundi unaujua. Gharama ya majibu yake utaijua siku mashine itakapogoma kuwaka.

Wengi wanapiga upya sasa kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8, isipokuwa chache, hazimo kwenye orodha yake. Laptopu nyingi za mitumba zinaachwa hapo.

Kwenye duka la Microsoft la Marekani, Windows 11 Home ni dola 139. Laptopu mpya mara nyingi huja nayo, bei yake imeshaingizwa humo. Wakati wa kuisakinisha unaulizwa kuhusu mahali ulipo, matangazo na taarifa za matumizi, na kwa kawaida jibu la ndiyo limeshawekwa. Kazi yako ni kubonyeza tu. Swali kubwa halipo: toleo la Home linadai intaneti na akaunti ya Microsoft. Tangu toleo la 24H2, diski nayo hufungwa kwa usimbaji bila wewe kuombwa ruhusa, na ufunguo wa kuifungulia huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Kama fundi aliifungua akaunti hiyo kwa barua pepe yake, basi ufunguo wa picha na vyeti vyako anao yeye.

Wanaouza teknolojia wanajua vizuri thamani ya jibu lililowekwa tayari. Mwaka 2022 pekee Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe injini ya kutafutia inayokutwa kwenye kivinjari cha Safari.

Linux ni bure, ila bando si bure. Faili la Ubuntu 24.04, mojawapo ya aina za Linux, linakaribia gigabaiti 6, na chaguo-msingi lake halileti programu za ofisi. Ukipita haraka bila kuchagua kifurushi kirefu, LibreOffice utaipakua baadaye. Visanduku vya madereva ya Wi-Fi na vya aina za ziada za video na muziki navyo huachwa bila tiki.

Debian, aina nyingine ya Linux, ndiyo inayouliza kuliko zote hizi. Faili lake dogo halifiki gigabaiti 1, lakini mengine yote huvutwa mtandaoni wakati wa kusakinisha, kwa hiyo unafuu huo ni wa macho tu. Inauliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu: ukiliandika, mtumiaji wako wa kawaida hatapewa sudo, amri ya kutenda kama msimamizi; ukiliacha wazi, atapewa. Mgeni anawezaje kujua? Pamoja na hayo, naisifu kwa jambo moja: inapoomba kutuma orodha ya programu unazotumia, jibu lililowekwa tayari ni hapana.

Kwangu, swali linalostahili kumsimamisha mtu ni lile ambalo jibu lake halibadiliki baadaye bila hasara: kufuta diski, kuisimba, na akaunti ni ya nani. Rangi, saa za eneo na kivinjari visubiri, hivyo hubadilishwa kwa dakika moja.

Kwa kipimo hicho, mwenye laptopu ya zamani ya kuandikia na kuperuzi achukue Linux Mint 22: faili lake ni takriban nusu ya lile la Ubuntu, LibreOffice imo, na masasisho yanaendelea hadi 2029. Anayelazimika kutumia Windows kwa ajili ya programu ya kazini alipe, ila kwenye ukurasa wa akaunti akae yeye mwenyewe kwenye kibodi. Na kabla ya yote, nakili mafaili yako kwenye diski ya nje. Kitufe cha kufuta diski ni kimoja, na hakina kurudi nyuma.