Injini Isifunguliwe Kabla ya Kupimwa

Kikundi kimoja hapa Munyaka kimetuuliza swali linalohusu wengi. Wana pikapu kuukuu ya dizeli, Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Ndiyo inayoteremka bonde la Kerio kuleta maembe, na usiku inakimbiza wagonjwa hospitali. Sasa inatoa moshi, inachemka, na nyuma imelala. Pesa ya changa ipo, lakini inatosha ovahoo moja tu. Waanzie wapi?

Sisi tunasema waanze kwa kupima. Spana ingoje.

Injini yenyewe ni ngumu. Ilitoka mwaka wa 1990: silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Ikitunzwa huenda mbali sana. Kinachoiua mara nyingi si uzee, ni maji. Kutoka bondeni hadi Iten gari hupanda zaidi ya mita 1,000. Likiwa na mzigo na rejeta imeziba, linachemka, na silinda hedi hupinda au kupasuka. Dereva akimwaga maji baridi kwa injini moto, ndio kabisa.

Basi asubuhi, injini ikiwa baridi, fungueni kifuniko cha rejeta, kisha mwashe. Mapovu yakitoka bila kukoma, gasketi imeungua au hedi ina ufa. Tazameni oili pia: ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia. Halafu fungueni kifuniko cha kumwagia oili, injini ikinguruma. Ikipumua kwa nguvu kama mvukuto wa mhunzi, ringi zimechoka. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Ule mweusi ni dizeli kuzidi hewa, na hapo msiharakishe kufungua injini; safisheni chujio ya hewa na kupeleka nozeli zipimwe, hiyo ni kazi ya bei nafuu.

Fundi akipima kompresheni, kumbukeni Eldoret iko juu, kama mita 2,100, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Namba itakuwa chini ya ile ya kitabu hata injini ikiwa nzima. La maana ni kama silinda zote sita zinakaribiana.

Ikiwa lazima ifunguliwe, msinunue pistoni wala beringi mpaka fundi wa mashini apime bloku na krenkshafti kwa maikromita. Pistoni ya saizi ya kawaida haikai kwenye silinda iliyopanuliwa, na kurudishiwa pesa dukani ni vita. Hedi ipimwe ufa kwa presha kabla ya kusawazishwa. Mkanda wa taimingi ubadilishwe hata ukionekana mzuri: ukikatika, valvu zinagonga pistoni, na mnaanza upya.

Sasa springi. Pikapu hizi, mpaka zile za 1999, zina springi za majani mbele na nyuma. Wengi hupelekea mhunzi springi iliyolala aichome na kuigonga. Lakini chuma hicho kimepikwa kwa kipimo. Kikichomwa mpaka kiwe chekundu na kuachwa kupoa ovyo, kinalainika, na baada ya mizigo michache kinalala tena. Kuongeza majani nako kunainua gari, lakini linakuwa gumu kama mkokoteni (mgonjwa aliyelazwa nyuma ndiye anayejua) na chesisi inaweza kupata nyufa. Afadhali springi nzima na busingi mpya. Gari likitembea upande kama kaa, tazameni bolti ya katikati ya springi. Ikikatika, ekseli huhama.

U-bolti ziwe mpya, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si juu ya jeki, na zirudiwe baada ya kilomita mia chache. Oili ya kwanza baada ya ovahoo imwagwe kwa kilomita 1,000. Na spea zote za zamani zirudi kwa katoni, mweka hazina azione pamoja na risiti.