Kenya: Alama ya kufuli si uthibitisho wa tovuti ya kweli

Mwishoni mwa Julai 2023, Wakenya waliokuwa wakiomba pasipoti na huduma nyingine kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni, walikwama. Serikali ilithibitisha kuwa mfumo huo umeshambuliwa kwa kumiminiwa maombi mengi ya uongo hadi ukazidiwa, lakini ikasema hakuna taarifa zilizopotea.

Shambulio la aina hiyo huziba mlango tu. Kinachomdhuru zaidi mwananchi ni mlango bandia, yaani tovuti iliyofananishwa na ya serikali ili kunasa nywila na fedha zake.

Alama ya kufuli kwenye anwani huonesha kwamba mawasiliano yanalindwa njiani. Haithibitishi uaminifu wa anayeyapokea, na matapeli pia huipata. Ni bora kusoma mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju. Nchini Kenya, majina yanayoishia na .go.ke yametengewa taasisi za serikali. Herufi hizo zikiwa katikati ya jina hazithibitishi lolote.

Njia salama ni kuandika anwani mwenyewe, badala ya kubofya kiungo kilichotumwa kwa ujumbe.