Kutambua Matatizo ya Ulaji na Nafasi ya Mtaalamu wa Lishe katika Tiba

Anoreksia nevosa, yaani hali ya mtu kujinyima chakula hadi kudhoofu, kwa kawaida hutambuliwa kwa kigezo cha hofu ya kunenepa. Kigezo hiki hakitoshelezi mazingira yote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa kike 668 wa sekondari nchini Ghana ulibaini 10 ambao uzito wao mdogo ulitokana na kujinyima chakula pekee. Hawakulalamikia unene wala umbo; walikueleza kujinyima huko kwa lugha ya dini na ya kuitawala nafsi.

Matokeo hayo yanaihusu pia pwani ya Afrika Mashariki, ambako saumu ni ibada inayoheshimiwa na familia nyingi hula katika sinia moja. Anayekula matonge mawili akanawa haonekani kwa urahisi, na anayezidisha funga za sunna husifiwa. Saumu yenyewe si ugonjwa. Tofauti hudhihirika jua likishazama: mfungaji hufuturu, ilhali mgonjwa hutafuta udhuru mwingine. Aidha, mwili hutoa ushahidi: hedhi hukatika, baridi huhisiwa hata wakati wa joto, mapigo ya moyo hupungua kasi, na malaika laini huota usoni na mgongoni. Kwa anayejitapisha, meno hulika na sugu huweza kutokea kwenye vifundo vya vidole. Kifua kikuu, kisukari na maradhi ya tumbo hayana budi kuchunguzwa pia, kwani nayo hukondesha.

Baada ya utambuzi, jamaa hutaka kumshibisha mgonjwa upesi. Huruma hiyo inaweza kuua. Mwili uliozoea njaa unapopokea wanga mwingi, insulini hupanda na kuingiza fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli. Viwango vyake katika damu hushuka ghafla na moyo huweza kusimama. Hatari hii ilishuhudiwa kwa mateka wa Vita Kuu ya Pili waliolishwa baada ya kuachiliwa. Kwa sababu hiyo, mgonjwa aliyedhoofu sana hupelekwa hospitali kabla ya kupangiwa mlo. Huko mtaalamu wa lishe, akishirikiana na daktari na mshauri wa afya ya akili, huanza na kiasi kidogo, hutoa vitamini B1 mapema, na huongeza chakula hatua kwa hatua huku damu ikipimwa mara kwa mara.